Mbweha, Fisi na Silaha Isiyochagua

Kiswahili hakina jina la peke yake kwa yule mnyama mwekundu mwenye mkia wa manyoya ambaye Waingereza wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Wafasiri wetu humwita mbweha, jina waliloliazima kutoka kwa mnyama wa nyika zetu, jamaa ya mbwa, mwembamba, mwenye kulia usiku, ambaye mfugaji humjua kwa wizi wa kuku na vitoto vya mbuzi. Na hata huku kwetu jina hilo halitulii juu ya mnyama mmoja. Katika nyika za Serengeti yumo mbweha wa mgongo mweusi, na huyo kweli huvamia mifugo midogo. Yumo pia mbweha masikio, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine, wala kuku hana la kumwogopea. Jina ni moja, makosa si mamoja. Mwenye banda aliyeamka kwa hasira, akaona macho mawili yanang'aa gizani, aghalabu hana nafasi ya kuuliza ni yupi kati ya hao.

Tumeanza na jina kwa sababu swali la makala haya ni swali la kutambua. Takriban sote twakubali kuwa mtu ana haki ya kumlinda mtoto wake na mbuzi wake, na kwamba haki hiyo mara nyingine hufika hadi kuua. Je, mwenye haki ya kuua ana haki ya kuua kwa njia yoyote? Na ikiwa njia nyingine hazifai, ni nani anayepaswa kubeba gharama ya ile inayofaa?

Waingereza walijaribu kulijibu swali la kwanza kwa sheria. Scotland ilitangulia mwaka 2002. England na Wales zikafuata kwa Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ambayo ilipiga marufuku kumwinda mbweha kwa kundi la mbwa. Kabla ya hapo palikuwa na tume ya uchunguzi, chini ya uenyekiti wa Lord Burns, iliyotoa ripoti yake mwaka 2000, na palikuwa na maandamano makubwa mjini London, Septemba 2002, ambayo waandamanaji wake walihesabiwa kuwa kiasi cha laki nne. Wapinzani wa uwindaji ule walisema kuwa kumkimbiza mnyama hadi achoke, kisha kumwachia mbwa wamrarue, ni ukatili, na kuufanya ukatili huo kuwa burudani ni aibu juu ya ukatili. Watetezi wakajibu kuwa mbweha ni lazima apunguzwe, kwani huua kuku na wana-kondoo. Na kwamba mbwa akimkamata humuua mara moja na akimkosa humwacha mzima, ilhali risasi ya mpigaji asiye hodari humwacha akioza na jeraha lake vichakani. Tume ilikubali kuwa kukimbizwa humdhuru mno mnyama, lakini ikaongeza kuwa hakuna njia yoyote kati ya zilizoruhusiwa iliyosalimika na lawama.

Ukiichunguza sheria ile utaona jambo ambalo wengi hawakuliona katika kelele za siku zile. Haikuokoa uhai wa mbweha. Mkulima wa Kiingereza bado aweza kumpiga risasi, na aweza hata kutumia mbwa wasiozidi wawili kumfukuza kutoka kichakani ili apigwe. Kilichobadilika ni namna. Bunge lilikaa miaka likijadili namna ya kufa kwa mnyama ambaye kufa kwake kulikwisha kubaliwa. Kuna waliocheka. Lakini watu wa mwambao hawana sababu ya kucheka, kwani wao wamelelewa katika fikra hiyo hiyo. Mchinjaji wetu hufundishwa kunoa kisu vyema, na asimnolee mnyama kisu mbele ya macho yake. Mnyama ni halali, na kufa atakufa; hata hivyo kisu butu ni dhambi. Vivyo hivyo mafunzo ya dini juu ya usasi hupambanua baina ya mbwa aliyefundishwa, ambaye hutumwa akaenda na huitwa akarudi, na mbwa asiyefundishwa, ambaye hukamata kwa matamanio yake mwenyewe. Tofauti iliyopo hapo ni ya utii: chombo cha msasi kiwe mkononi mwa msasi. Kikitoka mkononi mwake, usasi umekwisha, na kilichobaki ni maafa.

Kwa mizani hiyo, ya chombo kilichomo mkononi na chombo kilichotoka mkononi, na tutazame nchi ambayo jambo hili halihusu burudani ya mtu yeyote. Mkoa wa Mara umelala baina ya Ziwa Viktoria na nyika za Serengeti. Musoma ni mji wa ziwani, wa mitumbwi na dagaa. Ukiufuata barabara ya kwenda Mwanza wafika Bunda. Na Butiama, kijiji cha Wazanaki alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere, kiko bara ya Musoma. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, imenyoosha mkono wake wa magharibi hadi karibu na maji ya ziwa, na lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara hiyo hiyo ya Mwanza na Musoma. Mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Kwa hiyo ziko kaya nyingi upande huu ambazo, jua likizama, hubaki na ua wa miiba tu baina ya mbuzi wao na mojawapo ya jamii kubwa kabisa za wanyama walao nyama zilizosalia duniani.

Adui mkubwa hapa simba wala mbweha si yeye. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya magharibi ya Serengeti na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba karibu mifugo yote iliyoripotiwa kuuawa na wanyamapori iliuawa na fisi. Mbuzi mmoja au kondoo wawili, mtu wa mjini huona ni kitu kidogo. Kwa mwenye wanane, hao ni karo, ni dawa ya mgonjwa, ni sehemu ya mahari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeyote anayeandika juu ya haki za wanyama akiwa amelala ndani ya ukuta wa mawe, na apime maneno yake kwa kipimo hicho kwanza.

Sheria ya nchi haikumnyima mtu huyu haki ya kujilinda. Lakini tangu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, na ile ya 2009 iliyoifuata, imezikataza baadhi ya njia pasipo kibali maalumu: sumu, tanzi la waya, shimo, moto, taa ya usiku, na, ajabu kwa aliyekuwa akiyafuatilia ya London, mbwa. Tanzania iliandika katika sheria yake, miaka thelathini kabla ya Waingereza, neno ambalo wao waliandamana kwa ajili yake. Kuandika ni kitu kimoja. Waya wa tairi kuukuu haugharimu kitu, na kopo la dawa ya wadudu hupatikana katika kila nchi ilimayo pamba.

Sasa na tuzitazame silaha hizo mbili, waya na sumu, kwa jicho la maadili na si la sheria peke yake. Tanzi hutegwa jioni, mtegaji akaenda kulala. Halijui aliyetegewa. Watafiti waliowafuata fisi wa Serengeti katika miaka ya 1990 waligundua kuwa wengi wao walikuwa wakifia katika nyaya ambazo hazikuwekwa kwa ajili yao kabisa. Zilitegewa nyumbu, kwa kitoweo, na fisi waliowafuata nyumbu wakanasa shingo. Sumu ni mbaya zaidi, kwani waya ukishamnasa mmoja umemaliza kazi yake, bali sumu huendelea kuua kupitia kwa waliokufa. Desemba 2015, ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu uliliwa na simba, baadhi yao wakafa, na tumbusi walioshuka juu ya mzoga huo wakafa nao. Tumbusi hakuua ng'ombe wa mtu tangu dunia iumbwe. Kazi yake ni kuiondoa mizoga kabla haijawa maradhi. Mwaka huo huo wa 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja ya viumbe walio karibu kabisa na kutoweka, na sumu ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Hapa ndipo tunapoweza kuliona kosa lenyewe lilipo. Aliyetia sumu aweza kuwa na madai ya haki kabisa: ng'ombe wake ameuawa, na aliyemuua yumo kichakani. Lakini amekwenda kudai haki yake kwa chombo kisichojua madai hayo. Ameacha kuwa mwamuzi, akawa mfano wa tauni, ambayo nayo haiulizi jina. Kuna msemo wetu kwamba samaki mmoja akioza wote huoza. Huo ni msemo mzuri kwa kapu la samaki, na ni msemo wa hatari mno ukifanywa hukumu juu ya viumbe.

Wapenzi wa fasihi wanakumbuka kwamba mzaliwa wa Butiama ndiye aliyetufasiria tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kiini cha kesi ile ni hiki hiki. Mdai anayo hati, na hati ni sahihi. Mahakama inamkubalia akate ratili yake ya nyama. Kisha anaambiwa kwamba hati haikutaja damu: akate nyama, ila asimwage tone. Haki yake ilikuwa na mpaka, na kisu alichokishika hakikuweza kuukaa mpaka huo. Basi ikawa haki isiyotendeka. Mwenye ng'ombe naye anayo hati dhidi ya fisi mmoja, yule aliyevunja ua. Hana hati dhidi ya tumbusi, wala dhidi ya mbweha masikio, wala dhidi ya mbwa wa jirani atakayepita hapo asubuhi. Sumu haiwezi kukata ratili ile pasi na kumwaga damu hii.

Atatokea msomaji wa Unguja aseme: mbona sisi tuliwaua kunguru kwa sumu na hatukuona vibaya? Ni kweli. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaongezeka hata wakawa bughudha kwa watu na maangamizi kwa ndege wadogo wa kisiwa, na katika miaka ya 1990 walipunguzwa kwa sumu. Lakini sumu ile ilichaguliwa kwa sababu huwadhuru kunguru zaidi ya ndege na wanyama wengine wengi, na huvunjikavunjika upesi ndani ya mwili wa aliyekufa, hata mwenye kumla asidhurike. Mfano huo hauivunji hoja, waitia nguvu. Tatizo halikuwa neno sumu. Tatizo ni chombo kisichochagua, na anayetaka kutumia chombo chochote ana wajibu wa kujua kama kinachagua.

Tena tusiwe wepesi wa kuwafundisha watu wa Mara, kwani nasi kisiwani tuna deni. Katika nchi za Ziwa fisi husemwa kuwa kipando cha mchawi, na kwa hivyo humfika chuki ambayo mbuzi peke yake asingeizaa. Unguja tulikuwa na chui wetu, mdogo kuliko wa bara, na watu walisema kuwa wengine kati yao wanafugwa na wachawi na kutumwa kuwadhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wapo wanaosema hadi leo kuwa wamemwona chui au unyayo wake. Lakini tangu miaka ya 1990 watafiti wengi wamemhesabu kuwa ametoweka. Chui yule alihukumiwa kwa kosa la binadamu. Hapana ushahidi uliotakiwa, kwa sababu aliyeshitakiwa hasa alikuwa jirani, na mnyama alibebeshwa tu. Huo ni upofu mwingine usio wa waya wala wa sumu: silaha ilichagua, aliyeishika hakuchagua.

Wala madhara hayatoki upande mmoja. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa uliingia Serengeti ukaua kiasi cha theluthi moja ya simba wake. Mbwa wa vijijini walitajwa kuwa chanzo. Katika miaka iliyofuata zikaanzishwa chanjo za mbwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, dhidi ya ugonjwa huo na dhidi ya kichaa cha mbwa, ambacho humpata mbweha, kikampata na mtoto wa skuli. Sindano moja ikamkinga mbwa, mbweha, simba na mwanafunzi, pasi na kumwua hata mmoja. Twaitaja kwa sababu mjadala wa njia za kuwazuia wanyama wakali mara nyingi huendeshwa kana kwamba njia zote huishia kwenye maiti.

Lakini chanjo hugharimu fedha, na hapa twafikia swali letu la pili, ambalo Waingereza hawakulazimika kulijibu. Mwenye bunduki, leseni na shabaha nzuri aweza kumchagua fisi mkosaji. Mwenye ua wa waya imara hahitaji kumwua yeyote. Mwenye kijana wa kulipwa hana haja ya kumpeleka mwanawe wa miaka minane machungani. Silaha isiyochagua ni silaha ya maskini, na ukatili wake umetokana kwa sehemu kubwa na urahisi wa bei yake. Tukimwambia mtu wa Bunda kuwa sumu ni haramu, kisha tukamwacha na ua wake wa miiba, tumemwekea wema ambao hawezi kuununua. Tumeilinda dhamiri yetu kwa mbuzi wake.

Mwalimu Nyerere amenukuliwa akisema kuwa yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama, wala hakutaka kuitumia likizo yake kutazama mamba, na hata hivyo aliunga mkono kwa moyo wote wabakie hai. Twapaswa kulishukuru neno hilo. Wajibu unaotegemea mapenzi hufa mapenzi yakifa. Naye alizaliwa mahali ambapo watu wana sababu za kutompenda fisi. Katika Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, serikali yake ilikubali dhamana ya kuwatunza kwa ajili ya wajukuu, lakini katika pumzi hiyo hiyo ilisema kuwa kazi hiyo inataka wataalamu na fedha, na kwamba mataifa mengine yanatarajiwa kushiriki. Alijua kuwa dhamana ina bei, na kwamba si haki ilipwe na kijiji kilicho mpakani peke yake.

Je, yalipwa na nani? Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 zimeweka malipo kwa walioathirika na wanyama hatari, na majina ya malipo hayo yamekuwa maneno ya kila siku: kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mali. Ni majina mazuri, yenye ushairi ndani yake, na ukweli wake umo katika ushairi huo. Kifuta jasho hufuta jasho, hakilipi jasho. Serikali yenyewe husisitiza kuwa hiyo si fidia. Wageni huja kwa ndege kumtazama simba, watu wa mjini hupata kazi na kodi, wenye kalamu hupata mfano wa kuandikia, na mwenye mbuzi hupata kitambaa cha kupangusia uso. Ikiwa wanyama hawa ni amana ya taifa, kama sheria isemavyo, basi mbuzi aliyeliwa na amana ya taifa ameliwa na sisi sote.

Wazee walisema: fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Hawakusema atege, wala atie sumu. Huu ni usia wa watu waliomjua fisi kwa karibu, na uliweka kinga mbele ya kisasi. Mlango ukishafungwa vyema, fisi atakayeuvunja atakuwa amejitambulisha mwenyewe, na hapo mwenye bunduki wa wilaya akiitwa atamjua anayemfuata. Ila msemo huo ulitungwa kwa nyumba iliyokuwa na mlango. Katika vijiji vya mpakani mwa Serengeti ua wa miiba huoza kila masika, na kila kiangazi lazima ukatwe mwingine, katika nchi ambayo miti yake nayo inakwisha. Kabla ya kumuuliza mfugaji kwa nini alitia sumu, na tuulize ua wa waya kwa kaya moja ni bei gani, na ni nani kati yetu, sisi tunaoipenda Serengeti kwa mbali, aliyepata kuchangia hata pima moja.